Dawa ya chunusi ambayo ngozi yako itaivumilia miezi mitatu

Wiki ya tatu ndiyo inayoua matibabu mengi ya chunusi. Ngozi imeanza kubanduka, pembe za pua zinachonyota, vipele bado vipo na pengine vimeongezeka, na mtumiaji anaamua kwamba dawa imemkataa. Mara nyingi dawa yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye uchaguzi: jeli yenye spiriti imepakwa kwenye ngozi kavu, au seti ya vitu vinne imeanzwa yote usiku mmoja kwenye uso ambao hata kimoja ungekipokea kwa taabu.

Kipele unachokiona leo hakikuanza jana. Seli zilizokufa hushikamana ndani ya tundu la kinyweleo zikafanya kizibo, mafuta ya ngozi yakarundikana nyuma yake, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, anayependa mahali pasipo hewa, akazaliana humo, na mwili ukaanza kupambana: uvimbe, maumivu, usaha. Kutoka kizibo kisichoonekana hadi kipele kamili hupita wiki kama 8. Kazi kubwa ya dawa ni kuzuia vizibo vipya. Vile vilivyokwisha kuwa njiani vingi vitatokea tu. Kwa hiyo dawa haihukumiwi kabla ya wiki 8, na hukumu ya haki hutolewa wiki ya 12. Ukali hauna faida kama utaiacha dawa katikati. Tafuta ile ambayo uso wako utaikubali karibu kila siku kwa miezi mitatu mfululizo, hata kama asilimia yake kwenye kopo inaonekana ndogo.

Ijue ngozi kwanza

Jaribio la nyumbani linatosha. Osha uso kwa kisafishaji laini kisicho na manukato, kausha kwa taulo bila kusugua, usipake chochote, kaa saa moja bila jasho. Kisha gandamiza vipande vya tishu kwenye paji la uso, pua, kidevu na kila shavu. Tishu zote zikitoka na mafuta, ngozi ni ya mafuta. Zikitoka na mafuta za katikati tu huku mashavu yakiwa makavu, ni mchanganyiko. Zikitoka kavu zote na uso unabana unapotabasamu, ni kavu. Unyeti hauonekani kwenye tishu. Huo unaujua kwa historia: sabuni za kawaida zinakuwasha, losheni mpya hukutoa vipele vya mwasho, au una ukurutu. Mtu anaweza kuwa na ngozi ya mafuta na bado ikawa nyeti.

Kuna kundi moja ambalo jaribio hili huwadanganya: wanaoosha uso mara tano kwa siku kwa sabuni kali ili "kukata mafuta". Uso wao unang'aa na papo hapo unabana. Hiyo ni ngozi ya mafuta iliyopoteza maji kwa sababu tabaka lake la juu limechubuliwa, na dawa kali ikiwekwa juu yake itawaka. Ipumzishe wiki 2: osha asubuhi na jioni tu kwa maji ya uvuguvugu na kisafishaji laini, paka losheni nyepesi, basi. Kisha rudia jaribio. Si ajabu jibu likabadilika.

Jambo jingine halihusu mafuta kabisa, nalo ni rangi. Kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kila uvimbe unaweza kuacha doa jeusi linalokaa miezi mingi baada ya kipele kupona, na mwasho unaoletwa na dawa yenyewe huacha madoa hayo hayo. Mwenye ngozi nyeusi anayekimbilia asilimia kubwa anaweza kuondoa chunusi akabaki na ramani ya madoa usoni. Kwake, kuanza polepole ni sehemu ya tiba.

Kilichomo ndani ya kopo

Sahau jina la seti na picha zake. Geuza kopo utafute viambato tendaji na asilimia zake. Kama havijaandikwa, lirudishe.

Benzoili peroksaidi huua bakteria kwa kuachia oksijeni ndani ya tundu, na bakteria hawaijengei usugu kama wanavyofanya kwa antibaotiki. Hupatikana kwa asilimia 2.5, 5 na 10. Hapa ndipo watu wengi hupoteza ngozi bure: kwa vipele vya kuvimba, asilimia 2.5 hufanya kazi inayokaribiana sana na ya 10, ila ile ya 10 hukausha na kuwasha zaidi. Anza na 2.5. Hupausha kitambaa chochote kinachogusana nayo, kwa hiyo tumia foronya na taulo nyeupe, nawa mikono, na usivae nguo ya rangi kabla haijakauka shingoni. Iweke mahali pa baridi, kamwe si ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto huweza kuivunja ikatoa benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Asidi ya salisili, asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka katika mafuta, hivyo huingia ndani ya tundu lililoziba na kulegeza kizibo. Inafaa vichwa vyeusi, yaani vizibo vyenye ncha nyeusi, na vipele vidogo visivyo na usaha. Kwa vipele vikubwa vinavyouma ni dhaifu. Usiitegemee peke yake. Mwenye mzio wa aspirini aiepuke.

Retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, ndizo uti wa mgongo wa tiba, maana huzuia kizibo kisijengeke. Adapalini ya asilimia 0.1 ndiyo iliyo rahisi kuvumilia. Marekani iliiruhusu iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2016, ingawa kwingine bado inadai cheti. Tretinoini (0.025, 0.05 na 0.1) ni kali zaidi na huharibiwa na mwanga, ndiyo maana hupakwa usiku. Tretinoini ya kawaida pia huvunjwa na benzoili peroksaidi zikipakwa pamoja, kwa hiyo moja asubuhi, nyingine usiku. Adapalini haina shida hiyo, na zipo tyubu zinazochanganya adapalini 0.1 na benzoili peroksaidi 2.5. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asitumie retinoidi yoyote.

Asidi azelaiki haitangazwi sana, na tunaona inaonewa. Jeli ya asilimia 15 au krimu ya asilimia 20 hupunguza bakteria, hufungua matundu, na wakati huo huo hufifisha madoa meusi. Huchonyota dakika chache baada ya kupakwa katika wiki za mwanzo, halafu ngozi huzoea. Inakubalika katika ujauzito. Kwa ngozi nyeusi iliyo nyeti, yenye chunusi za kiasi na madoa mengi, ndiyo chaguo letu la kwanza.

Salfa, asilimia 3 hadi 10, ni ya zamani na ina harufu yake, ila huwasaidia wale ambao benzoili peroksaidi imewashinda. Klindamaisini ya asilimia 1 ni antibaotiki ya kupaka inayotolewa na daktari. Isitumike peke yake, maana bakteria watakuwa sugu. Huambatanishwa na benzoili peroksaidi, na huachwa uvimbe ukishatulia.

Seti za sanduku moja

Seti nyingi huwa na kisafishaji, tona (maji ya kupangusa uso baada ya kuosha) na dawa ya kupaka, wakati mwingine na losheni. Faida yake ni kwamba mtu hahitaji kufikiria. Hasara yake ni kwamba viambato vinajirudia bila yeye kujua: benzoili peroksaidi kwenye kisafishaji, tena kwenye krimu, na katikati tona ya asidi yenye spiriti. Ukijumlisha, uso unapigwa mara tatu asubuhi na mara tatu usiku. Kwa ngozi nene ya mafuta huenda ikapita. Kwa nyingine zote, wiki mbili zinatosha kuichuna.

Ukishainunua, ivunje. Anza na kisafishaji na losheni yake tu kwa siku 4 au 5. Ongeza dawa ya kupaka, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Tona iache kando kwa mwezi wa kwanza. Wengi hawaihitaji kabisa. Ukianza vyote pamoja na uso ukawaka, huna njia ya kujua mkosaji ni nani, na utaishia kutupa hata kile kilichokuwa kinakusaidia.

Umbo la dawa nalo lina uzito sawa na kiambato. Jeli hukauka haraka na haiachi utando, hivyo hufaa ngozi ya mafuta na hali ya joto jingi. Jeli zenye spiriti hukausha zaidi kuliko zile za maji. Krimu hufaa ngozi kavu na nyeti. Losheni iko katikati. Dawa za kuosha hukaa kwenye ngozi muda mfupi, kwa hiyo huwasha kidogo na hufanya kazi kidogo kiasi, ila kwa mgongo na kifua ndizo zinazotumika kwa urahisi: paka dawa ya kuosha yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 4 au 5, iache dakika 2 hadi 5, suuza vizuri.

Ngozi ya mafuta yenye mchanganyiko wa vichwa vyeusi na vipele vyenye usaha: benzoili peroksaidi 2.5 ya jeli asubuhi, adapalini 0.1 ya jeli usiku, losheni nyepesi isiyoziba matundu. Usimnyime losheni mwenye ngozi ya mafuta kwa hoja kwamba "ana mafuta yake". Kinachokosekana ni maji, na bila losheni hatafika wiki ya 12.

Ngozi kavu: adapalini ya krimu usiku mara 2 au 3 kwa wiki, juu ya losheni yenye glisirini au seramidi, viambato vinavyosaidia ngozi kubaki na maji. Benzoili peroksaidi kama inahitajika iwe ya kuosha, si ya kubaki usoni. Epuka asidi ya salisili ya kila siku. Itakubandua bila faida kubwa.

Mchanganyiko hauhitaji seti mbili. Tumia dawa moja kote, kisha mashavuni paka losheni kabla ya dawa na baada yake, na katikati ya uso losheni baada yake tu. Ngozi nyeti ianze na kimoja, asidi azelaiki au adapalini, na ikae nacho wiki 6 nzima kabla ya kufikiria cha pili.

Namna ya kupaka

Kabla ya yote, jaribu sehemu ndogo. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu mzio mkali, wa nadra lakini hatari, unaotokana na dawa za kupaka zenye benzoili peroksaidi au asidi ya salisili, na ikashauri kupaka kiasi kidogo kwenye eneo moja au mawili kwa siku 3. Eneo chini ya taya linafaa. Midomo au macho yakivimba, koo likibana au ukihisi kuzimia, acha na ukimbilie matibabu. Hilo halihusiani na kuchonyota kwa kawaida.

Usiku: osha uso kwa vidole, sekunde 30 hadi 60, bila brashi wala chembe za kusugua. Kausha. Subiri dakika 15 hadi 20 kama unatumia retinoidi, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hunyonya dawa nyingi na huwaka. Paka mafuta mazito ya petroliamu kidogo kwenye pembe za pua, pembe za mdomo na chini ya macho. Dawa hutiririkia huko na ndiko ngozi huchanika kwanza. Toa dawa kiasi cha punje moja ya njegere, iguse paji, kila shavu na kidevu, kisha isambaze. Hicho ni kipimo cha uso wote. Tyubu ya gramu 45 ikikuishia ndani ya mwezi kwa uso peke yake, unapaka kupita kiasi. Maliza kwa losheni.

Usipake kwenye vipele pekee. Hili ndilo linalorudiwa kila siku na ndilo linalosahaulika kila siku. Vipele vya mwezi ujao viko tayari chini ya ngozi inayoonekana safi, na dawa ya kuzuia haina kazi mahali isipopakwa.

Ratiba ya retinoidi: wiki 2 za kwanza, usiku 2 au 3 kwa wiki. Wiki 2 zinazofuata, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Baada ya hapo kila usiku, kama ngozi imekubali. Isipokubali, baki ulipo. Usiku mbadala kwa miezi mitatu unashinda kila usiku kwa wiki mbili.

Asubuhi osha, paka dawa ya asubuhi kama ipo, losheni, kisha krimu ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi. Kipimo chake ni mistari miwili ya krimu yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Bila hiyo madoa meusi hayafifii hata chunusi zikiisha, na ngozi iliyo kwenye retinoidi huungua upesi.

Mambo yanapoharibika

Vipele vinavyoongezeka mwanzoni vina maana mbili. Retinoidi huweza kuharakisha vizibo vilivyokuwa njiani, navyo hutokea pale pale unapopata chunusi siku zote na hupungua ndani ya wiki 4 hadi 6. Vikitokea mahali ambapo hujawahi kuwa na chunusi, vikiwa vidogo vidogo, vinawasha, na ngozi inawaka hata kwa maji matupu, huo ni mwasho. Simamisha dawa zote siku 5 hadi 7, bakiza kisafishaji laini na losheni, kisha rudi na kimoja, nusu ya mara ulizokuwa unapaka.

Dawa isiyofanya kazi kabisa baada ya wiki 12 za matumizi ya kweli inalazimu kuuliza kama hiyo ni chunusi. Vipele vinavyofanana vyote kwa ukubwa, vinavyowasha, vimejaa kwenye paji, kifua na mgongo, bila kichwa cheusi hata kimoja, mara nyingi ni vya fangasi wa ngozi aitwaye Malassezia. Hao hutibiwa kwa dawa za fangasi kama ketokonazoli, na antibaotiki huwazidisha. Vipele vinavyouzunguka mdomo na kuacha mstari safi pembeni ya midomo, kwa mtu aliyekuwa akipaka krimu ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), ni ugonjwa mwingine.

Na steroidi zinastahili neno la peke yake. Betamethasoni na klobetasoli huingizwa, wakati mwingine bila kutajwa, ndani ya krimu za kung'arisha ngozi. Siku chache za kwanza uvimbe hupotea na uso hulainika, na mtu huapa kwamba amepata dawa. Baadaye ngozi hukonda, huota vipele kwa wingi, na kila akijaribu kuacha hulipuka upya. Krimu yoyote inayomaliza chunusi ndani ya siku 3, itilie mashaka. Aliyeitumia miezi mingi asiache ghafla bila kumwona daktari.

Vipo pia vitu vidogo vinavyorudisha kazi nyuma: mafuta mazito ya nywele yanayoshuka kwenye paji, kamba ya kofia, kutoa nyusi kwa nta wakati uko kwenye retinoidi (ngozi hutoka pamoja na nta), na kucha. Kipele kilichobanwa huchukua muda mrefu kupona na huacha kovu ambalo hakuna dawa ya kupaka italijaza.

Dawa za kupaka zina mpaka wake. Uvimbe mkubwa wa ndani unaouma, vishimo vinavyoanza kubaki, chunusi zilizotapakaa mgongo mzima, au mwanamke mwenye chunusi za taya zinazoambatana na hedhi isiyo na mpangilio na nywele kidevuni: hao waende kwa daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa huenda wanahitaji vidonge, na kila mwezi wa kusubiri unaongeza makovu.

Kwa ambaye uso umetulia wiki ya 12, kinachopunguzwa kwanza ni antibaotiki kama ilikuwepo, halafu benzoili peroksaidi, kutoka kila asubuhi hadi siku 2 au 3 kwa wiki. Retinoidi au asidi azelaiki inabaki, usiku 3 kwa wiki au zaidi, usoni kote. Vipele vikianza kurudi baada ya mwezi au miwili, rudi kwenye ratiba ya awali kwa dawa zile zile kabla ya kununua sanduku jipya.